Majaribio ya Kiotomatiki na Nyaraka za Programu: Mwongozo kwa Watayarishaji wa Mifumo ya Afya Isiolo

Jaribio la kiotomatiki ni programu ndogo inayoikagua programu kubwa. Huipa data inayojulikana, hulinganisha jibu lililotoka na jibu lililotarajiwa, kisha husema kama yamelingana. Likishaandikwa, linaweza kurudiwa mara elfu bila kumchosha mtu. Nyaraka ni maandishi yanayoeleza programu hufanya nini, kwa nini hufanya hivyo, na vipi mtu ambaye hakuiandika ataisakinisha, ataitumia na kuirekebisha. Mambo haya mawili hufundishwa kila moja kivyake, na katika timu nyingi hupewa watu tofauti. Hata hivyo yote mawili hubeba kauli moja, yaani programu inapaswa kufanya nini. Nyaraka huiandika kauli hiyo kwa lugha ya watu, na jaribio huiandika kwa lugha ambayo mashine inaweza kuihakiki.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: programu ya simu inayomsaidia mhudumu wa afya ya jamii kubaini watoto wenye utapiamlo. Katika Kaunti ya Isiolo kazi hiyo ni ya kila siku. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti hiyo, wengi wao wafugaji waliotawanyika kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilikosekana kwa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na idadi ya watoto waliohitaji matibabu ya lishe ikapanda. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Isiolo ikiwemo, na vipimo vya mzunguko wa mkono wa juu wa watoto, vinavyoonyesha utapiamlo, ni sehemu ya taarifa hizo. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwagawia wahudumu wa afya ya jamii simu zenye mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii, eCHIS, uliojengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Mazingira haya huifanya hitilafu ndogo kuwa ghali. Simu ikishafika Merti, Sericho au Oldonyiro, huenda ikakaa siku kadhaa bila mtandao. Toleo lenye kasoro litaendelea kutoa majibu mabaya hadi simu ipate mawimbi ya kupokea toleo jingine. Mahali pa kuinasa kasoro ni kwenye kompyuta ya mtayarishaji, kabla toleo halijaondoka.

Kanuni kwanza, msimbo baadaye

Kazi huanza na ukurasa mmoja wa kanuni. Ukurasa huo huandikwa pamoja na afisa wa lishe, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyasoma na kuyatia sahihi. Kwa mfano huu, kanuni zinafuata viwango vya Shirika la Afya Duniani:

1. Kipimo cha mzunguko wa mkono wa juu, kinachochukuliwa kwa utepe wenye rangi, ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59.
2. Chini ya milimita 115: utapiamlo mkali, rangi nyekundu.
3. Kuanzia milimita 115 hadi chini ya 125: utapiamlo wa wastani, rangi ya njano.
4. Milimita 125 na zaidi: rangi ya kijani.
5. Mtoto mwenye uvimbe unaobonyea kwenye miguu yote miwili ana utapiamlo mkali, hata kama utepe unaonyesha kijani.

Chini ya kanuni huandikwa chanzo chake na tarehe ya kuidhinishwa. Hili si pambo. Mpaka wa utapiamlo mkali ulikuwa milimita 110 hadi 2009, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja lililoupandisha hadi 115. Programu iliyobaki na 110 ingewarudisha nyumbani watoto wa milimita 110 hadi 114 bila matibabu waliyostahili. Pasipo chanzo na tarehe, anayeikuta namba ndani ya msimbo hana njia ya kujua kama ni kiwango cha sasa, kiwango cha zamani, au kosa la kidole kwenye kibodi.

Jaribio la kwanza

Jaribio lolote lina hatua tatu: kuandaa data, kuita kipande cha msimbo kinachojaribiwa, na kulinganisha majibu. Kila lugha ya programu ina zana zake. JUnit, iliyoandikwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997 kwa ajili ya lugha ya Java, ndiyo iliyoeneza mtindo unaotumika leo. Wanaotumia JavaScript huwa na Mocha au Jest, na wanaotumia Python huwa na pytest, ambayo huzitambua yenyewe funksheni zinazoanza na neno `test` na kuziendesha zote kwa amri moja. Kanuni ya 2 hadi ya 4 zinaweza kuandikwa hivi katika Python:

```
def hali_ya_lishe(mzunguko_mm):
    if mzunguko_mm < 115:
        return "nyekundu"
    if mzunguko_mm < 125:
        return "njano"
    return "kijani"

def test_mipaka_ya_utepe():
    assert hali_ya_lishe(114) == "nyekundu"
    assert hali_ya_lishe(115) == "njano"
    assert hali_ya_lishe(124) == "njano"
    assert hali_ya_lishe(125) == "kijani"
```

Namba nne za jaribio hili zimechaguliwa kwa makusudi. Makosa ya kulinganisha hukaa mipakani. Mtayarishaji akiandika alama ya "chini ya au sawa na" badala ya "chini ya", mtoto wa milimita 115 atageuka nyekundu, na wengine wote watabaki sawa. Jaribio lenye namba 100, 120 na 140 litapita bila kuliona kosa hilo. Kwa hiyo kila mpaka hupewa angalau namba mbili, moja ya kila upande. Umri nao hufuata utaratibu huohuo: miezi 5, 6, 59 na 60.

Jina la jaribio huandikwa kama sentensi fupi inayotaja kanuni. Majaribio yakishindwa, jina hilo ndilo kitu cha kwanza kuonekana. `test_mipaka_ya_utepe` humwambia msomaji mahali pa kuangalia. `test_3` haimwambii lolote.

Jaribio hutoka kwenye kanuni

Jaribio lililo hapo juu hupitia kila mstari wa funksheni. Zana za kupima kiasi cha msimbo kilichoguswa na majaribio zitatoa asilimia 100. Hata hivyo programu ina kasoro kubwa: kanuni ya 5 haimo kabisa. Mtoto aliyevimba miguu, ambaye mkono wake una milimita 130, ataambiwa yuko salama.

Anayeandika majaribio kwa kuutazama msimbo huona kilichomo tu. Kilichosahauliwa hakina mstari wa kuguswa, na asilimia haiwezi kukihesabu. Anayeandika majaribio huku ukurasa wa kanuni ukiwa mbele yake atafika kwenye kanuni ya 5, ataandika jaribio lake, na jaribio litashindwa:

```
def test_uvimbe_hushinda_rangi_ya_utepe():
    assert hali_ya_lishe(130, uvimbe=True) == "nyekundu"
```

Kushindwa huko ndiko kazi yenyewe. Funksheni sasa huongezewa taarifa ya uvimbe, na ni bora taarifa hiyo iwe ya lazima, isije ikachukuliwa kuwa "hapana" pale ambapo mhudumu hakuuliza. Kuifanya ya lazima kutalivunja jaribio la awali, nalo litarekebishwa kwa kutaja `uvimbe=False` waziwazi kwenye mistari yake minne ya kulinganisha. Usumbufu huo una faida: kila mahali ndani ya programu panapoitwa funksheni hii sasa panalazimika kujibu swali la uvimbe.

Utaratibu unaofaa, basi, ni kuipa kila kanuni namba, kuitaja namba hiyo kwenye jaribio lake, na kuhakikisha hakuna kanuni iliyobaki bila jaribio. Orodha hiyo inaweza kukaguliwa na mtu asiyejua kuandika programu, afisa wa lishe akiwa wa kwanza.

Vipimo, tarehe na saa

Makosa mengi ya programu za takwimu hutokea pale data inapovuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mfano maarufu ni chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999. Programu moja ya ardhini ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, ilhali waraka wa makubaliano ulitaka vipimo vya metriki, na programu iliyopokea ilizisoma kama metriki. Waraka ulikuwepo na ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ukaguzi wa kuhakikisha kuwa msimbo unautii.

Kwa utepe wa mkono hatari ya namna hiyo iko karibu. Baadhi ya miongozo huandika sentimita 11.5, mingine milimita 115. Mhudumu aliyezoea sentimita akiandika 12.8 kwenye sehemu inayosubiri milimita, programu itaona namba iliyo chini ya 115 na kutoa nyekundu kwa mtoto mwenye afya. Tiba yake ina sehemu tatu. Kipimo hutajwa ndani ya jina lenyewe, kama `mzunguko_mm`. Fomu hukataa namba isiyowezekana na kumweleza mhudumu sababu kwa Kiswahili. Kisha jaribio huingiza 12.8 na kuthibitisha kwamba imekataliwa.

Umri huleta maswali ambayo mtayarishaji hapaswi kuyajibu peke yake. Mtoto aliyezaliwa tarehe 31 Agosti hutimiza miezi 6 lini, ilhali Februari haina tarehe 31? Uamuzi ni wa watu wa afya. Huandikwa kwenye ukurasa wa kanuni na kupewa jaribio. Isiolo pia kuna familia nyingi zinazokumbuka mwezi au msimu wa kuzaliwa bila kujua tarehe. Programu inayokubali umri wa kukadiria ihifadhi taarifa kwamba ni wa kukadiria, na jaribio lihakikishe alama hiyo haipotei data inapofika kwenye seva.

Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya saa za dunia, UTC, kwa saa tatu. Mtoto aliyepimwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi ataandikwa na seva inayotumia UTC kuwa alipimwa mwisho wa Februari, na ripoti ya mwezi itakosea. Jaribio moja lenye muda huo hulifichua kosa. Vilevile mhudumu anayeulizwa saa anaweza kuandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi. Fomu inayomwonyesha saa ya kuchagua, yenye neno asubuhi au usiku, huondoa utata huo mapema.

Fomu, simu na seva

Majaribio huwa ya ngazi tatu. Ngazi ya chini hukagua kipande kimoja cha msimbo, kama mifano iliyotangulia. Ni mepesi, na mamia yake humalizika kwa sekunde chache. Ngazi ya kati hukagua vipande viwili au zaidi vikifanya kazi pamoja, kwa mfano fomu na hifadhidata. Ngazi ya juu huiendesha programu nzima kama mtu anavyoitumia: kufungua simu, kumchagua mtoto, kujaza fomu, kutuma. Majaribio ya juu ni mazito na huvunjika upesi, hata kwa kuhamishwa kitufe. Kwa hiyo hesabu za kanuni huwekwa ngazi ya chini kwa wingi, na ngazi ya juu huachiwa safari chache muhimu.

Fomu nyingi za afya ya jamii huandikwa kwa XLSForm, mtindo wa jedwali la Excel unaotumiwa na ODK, KoboToolbox na Community Health Toolkit. Kwa kuwa fomu hizo huonekana kama jedwali la kawaida, timu nyingi huzibadilisha bila kuzijaribu. Ndani yake mna masharti, hesabu na maswali yanayojitokeza au kujificha, yaani msimbo kamili. Community Health Toolkit ina zana yake ya kujaribu fomu kwa JavaScript: huijaza fomu kwa majibu yaliyopangwa, kisha hukagua hesabu zilizotoka na kazi za ufuatiliaji zilizozaliwa. Jaribio la aina hii linaweza kuthibitisha kwamba mtoto wa nyekundu aliyepelekwa kituo cha afya anamrudia mhudumu kama kazi ya kufuatilia.

Lugha nazo hujaribiwa. XLSForm huweka kila lugha kwenye safu yake, na swali lisilotafsiriwa huonekana bila maneno kwenye simu. Programu fupi inayopitia jedwali na kulalamika kila inapokuta swali lisilo na maneno ya Kiswahili hufanya kazi ambayo jicho la mtu huichoka.

Mtandao unapokatika

Programu ya Isiolo hujengwa kwa kudhani kwamba mtandao haupo, kisha hufurahia ukiwepo. Majaribio nayo hufuata dhana hiyo. Tukio la kwanza la kujaribu ni hili: simu inatuma rekodi, seva inaipokea, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu haijui kama rekodi ilifika, kwa hiyo inaituma tena. Bila tahadhari mtoto mmoja huhesabiwa mara mbili, na takwimu za lishe za kata nzima huvimba.

Suluhisho la kawaida ni simu kuipa kila rekodi namba ya pekee wakati inaundwa, na seva kuikataa namba iliyokwisha kuipokea. Jaribio lake ni rahisi: tuma rekodi ileile mara mbili, hesabu zilizohifadhiwa, na jibu liwe moja. Matukio mengine ya kujaribu ni wahudumu wawili kumhariri mtoto mmoja wakiwa wote nje ya mtandao, simu kuishiwa chaji katikati ya fomu, na simu yenye toleo la zamani kutuma data kwenye seva iliyokwisha kubadilishwa. La mwisho hutokea kila toleo jipya linapotolewa, kwa sababu simu hazifiki kwenye mtandao siku moja.

Data ya kujaribia

Kunakili rekodi za kweli za watoto ili zitumike katika majaribio ni njia ya mkato iliyo hatari. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 huihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na data ya mtoto ina ulinzi wa ziada. Faili ya majaribio husambaa kila unaponakiliwa msimbo, na baada ya muda hakuna ajuaye imefika wapi.

Data ya kubuni inafaa zaidi hata kiufundi, kwa kuwa hutengenezwa ili iguse pembe zote: jina moja lisilo na la baba, jina lenye kibainishi kama Ng'ang'a, pacha waliozaliwa siku moja na mama mmoja, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, familia iliyohama kutoka Garbatulla kwenda Kinna katikati ya mwezi. Hali hizi ni za kawaida kwa wahudumu, na mazungumzo ya nusu siku nao huzaa orodha ndefu kuliko ile ambayo mtayarishaji angeibuni akiwa ofisini.

Nyaraka zinazohitajika

Daniele Procida, katika mpangilio wake unaojulikana kama Diátaxis, hugawa nyaraka kwa mahitaji ya msomaji: somo la kumwanzisha mgeni, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, marejeo ya kutafutia jambo mahususi, na ufafanuzi wa sababu. Kuchanganya aina hizi kwenye ukurasa mmoja humchosha kila msomaji. Kwa timu ndogo, nyaraka tano zinatosha kuanza.

Ya kwanza ni faili ya README, mlango wa programu. Hutaja programu ni ya nini, inahitaji nini ili isakinishwe, amri za kuiwasha, amri ya kuendesha majaribio, na mtu au ofisi ya kuuliza. Ubora wake hupimwa kwa kumpa mgeni kompyuta tupu na kumwacha aifuate bila kusaidiwa. Kila anapokwama ni sentensi inayokosekana.

Ya pili ni ukurasa wa kanuni uliokwisha kuelezwa.

Ya tatu ni kumbukumbu za maamuzi, desturi iliyoenezwa na Michael Nygard kuanzia 2011. Kila uamuzi mzito hupewa maelezo mafupi yenye hali iliyokuwepo, uamuzi na matokeo yake. Kwa mfano: "Mzunguko wa mkono unahifadhiwa kwa milimita, namba nzima. Sababu: utepe unasomeka kwa milimita, na desimali zilileta makosa ya kuandika. Matokeo: data ya zamani ya sentimita izidishwe kwa kumi kabla ya kuhamishwa." Mistari mitatu ya namna hii humwokoa mrithi wa programu asiurudie mjadala uleule.

Ya nne ni maelekezo ya dharura: seva ikizima, nani anapigiwa simu, data inarudishwa vipi kutoka kwenye nakala rudufu, na wahudumu waambiwe nini. Utaratibu wa kurudisha data hufanyiwa mazoezi kwa ratiba, kwa sababu nakala rudufu ambayo haijawahi kurudishwa haijulikani kama inafanya kazi.

Ya tano ni mwongozo wa mhudumu. Huandikwa kwa Kiswahili chepesi, kwa sentensi fupi na picha za skrini. Isiolo huzungumzwa Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kimeru na Kisomali, na mhudumu anayesoma Kiswahili bado atamweleza mama kwa lugha ya nyumbani. Ni vizuri mwongozo ukawa na maneno ya kumwambia mzazi, yaliyokubaliwa na wazungumzaji wa lugha husika, ili "utapiamlo mkali" usielezwe kwa namna tofauti katika kila boma.

Maelezo ndani ya msimbo wenyewe hubaki machache. Msimbo huonyesha kinachofanyika. Maelezo hutaja sababu. "Ongeza moja" juu ya mstari unaoongeza moja ni kelele. "Kanuni ya 2, kiwango cha 2009" kando ya 115 ni msaada.

Kuzifunga nyaraka na majaribio pamoja

Nyaraka huoza kwa sababu hakuna kinachovunjika zinapopitwa na wakati. Njia ya kuzuia hilo ni kuziweka mahali pamoja na msimbo, ndani ya Git, na kukataa badiliko lolote la kanuni lisilogusa vitu vitatu kwa pamoja: ukurasa wa kanuni, msimbo, na jaribio. Anayekagua kazi ya mwenzake huliangalia hilo kabla ya jambo jingine.

Baadhi ya nyaraka zinaweza kujaribiwa na mashine. Python imekuwa na doctest tangu 2001, zana inayosoma mifano iliyoandikwa ndani ya maelezo, ikaiendesha, na kulalamika jibu likitofautiana na lililoandikwa. Amri zilizo kwenye README nazo zinaweza kuendeshwa kwenye kompyuta safi kila usiku, na viungo vilivyovunjika kugunduliwa vivyo hivyo.

Majaribio hufaa pale yanapoendeshwa bila kukumbushwa. Huduma kama GitHub Actions huyaendesha kila msimbo mpya unapotumwa, na toleo huzuiwa jaribio lolote likishindwa. Kwa kuwa umeme na intaneti hukatika, ni vyema Git iliyo kwenye kompyuta ya kila mtayarishaji ipangwe iendeshe majaribio ya ngazi ya chini kabla ya kutuma. Hayo hayahitaji mtandao.

Jaribio linalopita leo na kushindwa kesho bila msimbo kubadilika hushughulikiwa mara moja. Kwa kawaida chanzo ni saa ya kompyuta, mtandao, au jaribio moja kutegemea data iliyoachwa na jingine. Timu inayozoea kusema "liendeshe tena litapita" huishia kuzipuuza hata ishara za kweli.

Programu ya zamani isiyo na majaribio

Timu nyingi hurithi programu iliyokwisha kuanza kazi, mara nyingi baada ya mradi wa wafadhili kumalizika na kaunti kuichukua. Kuandika majaribio ya kila kitu kwa mkupuo hakuwezekani. Mpangilio huu hufaa:

1. Andika README kwa kusakinisha programu upya na kunukuu kila hatua iliyohitajika.
2. Andika ukurasa wa kanuni pamoja na afisa wa lishe, bila kuutazama msimbo.
3. Andika majaribio ya mipaka ya kanuni hizo. Yanayoshindwa yapelekwe kwa wenye programu kabla ya kurekebishwa, kwa sababu data iliyokwisha kukusanywa huenda imeathirika.
4. Kwa sehemu zisizoeleweka, andika majaribio yanayorekodi programu inafanya nini sasa, liwe sahihi au si sahihi. Hayo hulinda dhidi ya mabadiliko yasiyokusudiwa.
5. Kila hitilafu inayoripotiwa kutoka nyanjani ipewe jaribio linaloionyesha kabla ya kurekebishwa. Jaribio hilo hubaki daima, na hitilafu ileile hairudi kimyakimya.

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ni ushahidi kwamba programu ya afya inaweza kuishi muda mrefu kuliko timu iliyoianzisha. Msimbo wake hubadilishwa na watu wa nchi nyingi wasiojuana, na majaribio pamoja na nyaraka zake ndizo huwawezesha kuugusa bila kuuvunja.

Mipaka ya majaribio

Mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alikwisha kuonya mwaka 1969 kwamba majaribio yanaweza kufichua kuwepo kwa hitilafu lakini hayawezi kuthibitisha kwamba hazipo. Hakuna jaribio litakalojua kama utepe ulikazwa kupita kiasi, kama mtoto alipimwa mkono wenye nguo, au kama kituo cha afya alikopelekwa kilikuwa na chakula cha tiba. Hayo hubaki kuwa kazi ya mafunzo na usimamizi, na nyaraka zinapaswa kuyataja waziwazi ili mtumiaji asiiamini programu kuliko inavyostahili.

Timu yenye nafasi ya kufanya jambo moja tu wiki hii ianze na ukurasa wa kanuni tano uliotiwa sahihi na afisa wa lishe, pamoja na majaribio ya mipaka yake. Kazi hiyo haihitaji mtandao wala bajeti mpya, na hakuna toleo linalopaswa kutumwa kwenye simu ya mhudumu kabla haijakamilika.